Somo la Pafu Jeusi: Historia fupi ya kumfundisha kijana wa Kilombero kuhusu kilevi

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya sekondari pale Ifakara. Siku moja, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, akaja mgeni na bango lililoviringishwa. Akalibandika ubaoni. Upande mmoja pafu la rangi ya waridi, upande wa pili pafu jeusi kama sufuria ya kwenye mafiga. Hili la asiyevuta, akasema, na hili la mvutaji. Akaendelea: bangi inatia wazimu, gongo inapofusha, na anayeonja mara moja tu amekwisha. Tukaulizwa kama kuna swali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tukapiga makofi.

Kengele ilipolia, wavulana watano tukaenda nyuma ya vyoo. Tulikuwa tumechanga, na mmoja akatumwa dukani akarudi na sigara moja. Si pakiti, fegi moja tu. Tukaizungusha. Mwenzetu mmoja akaanza kuiga sauti ya yule mgeni, "amekwishaaa", tukacheka mpaka tukakohoa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kwa nini nakusimulia haya, msomaji? Kwa sababu mwezi ujao nimeombwa na rafiki yangu mwalimu nikazungumze na kidato cha pili kuhusu ulevi, sigara na dawa za kulevya. Nimepewa dakika arobaini. Kwa kuwa nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii, watu wanadhani najua la kusema. Nilipokaa kuandaa mada, nikajikuta natafuta picha ya pafu jeusi.

Basi nikaacha kwanza. Badala ya kutafuta bango jipya, nikaanza kuwatafuta walimu wa zamani. Nani amewahi kumfundisha kijana wa bonde hili kuhusu kilevi, alimfundisha nini, na somo liliishia wapi? Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze na neno

Leo tukisema "uraibu" tunamaanisha ile hali ya mtu kushindwa kuacha kitu hata kama kinamuumiza. Lakini fungua kamusi za zamani za Kiswahili uone: uraibu ni ule mchanganyiko wa kutafuna, yaani tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, ambao mtu wa pwani alimkaribisha nao mgeni barazani. Kitu cha ukarimu kimegeuka kuwa jina la ugonjwa.

Mimi naona hapo kuna funzo la kwanza. Kilevi hakikuingia kwenye maisha ya watu kikiwa na sura ya shetani. Kiliingia kama heshima, kama urafiki, kama mapumziko baada ya kazi. Anayemfundisha kijana kana kwamba kilevi hakina raha yoyote anaanza somo kwa uongo, na kijana anaugundua uongo huo siku hiyo hiyo, nyuma ya vyoo.

Pombe ilipokuwa na wenyewe

Kama hujafika kwetu, piga picha bonde pana, milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili, na katikati mto Kilombero ambao masika huacha njia yake na kutanda juu ya ardhi. Wandamba, Wapogoro, Wabena wa bondeni na Wambunga wameishi humu kwa mpunga, samaki na mashamba ya mlimani. Mwaka 1935 Arthur na Geraldine Culwick walichapisha kitabu kizima kuhusu Wabena wa mabonde haya, kiitwacho "Ubena of the Rivers", na sehemu yake ikatoka kwa Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ya wakati huo, pombe ilikuwa chakula cha shughuli. Ilipikwa kwa ajili ya kulima pamoja, harusi, msiba na tambiko. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, anaonyesha jambo ambalo babu zetu walilijua bila kitabu: kunywa lilikuwa suala la umri na cheo. Mzee alikunywa, kijana akalima na kubeba. Kijana kulewa hadharani ilikuwa utovu wa adabu.

Usije ukadhani nakuuzia zama za dhahabu. Utaratibu ule uliwapa wazee mamlaka juu ya nguvu za vijana, na mwanamke ndiye aliyetwanga, akachota maji, akapika. Ila tazama vizuizi vilivyokuwepo. Pombe ya nafaka mara nyingi ina asilimia chache tu za kilevi. Ikikaa siku kadhaa inachacha na haifai tena. Na ili uipike lazima uwe na nafaka ya ziada, kwa hiyo ilikuwa jambo la baada ya mavuno. Kizuizi hakikuwa maneno ya wazee peke yake. Pombe yenyewe ilikuwa dhaifu, ya msimu na isiyohifadhika.

Tumbaku ilikuja baadaye. Asili yake ni bara la Amerika, na ilivuka bahari katika karne ya 16 baada ya safari za Wareno na Wahispania, kisha ikasambaa ndani ya Afrika kwa kasi ya ajabu. Wengi waliinusa kama ugoro au kuivuta kwenye kiko. Bangi ni mgeni wa zamani zaidi, kutoka Asia. Huko Ethiopia wachimbuaji wamekuta viko vya karne ya 14 vyenye mabaki yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba vilevi ni "mambo ya kisasa", mwambie vimetutangulia sote.

Sheria iliyofundisha kinyume

Mwalimu wa pili alikuwa dola. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana mjini Brussels kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain ukaongezea makali. Tanganyika ya Mwingereza ikaurithi msimamo huo. Kwa kifupi: Mwafrika aruhusiwe pombe yake ya kienyeji, tena mjini kwa leseni na mahali maalumu, lakini pombe kali asiiguse. Mzungu aliruhusiwa. Hali hiyo ilidumu hadi miaka ya 1950.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya kijana wa 1940. Unaona bwana mkubwa anakunywa chupa yenye nembo, na wewe umeambiwa ukinywa hiyo utafungwa. Umejifunza nini? Hujajifunza kwamba pombe kali inaharibu ini. Umejifunza kwamba pombe kali ni ya wakubwa. Marufuku iliyotolewa kwa rangi ya ngozi iligeuka kuwa tangazo la biashara, na bila gharama. Uhuru ulipokaribia, kunywa bia ya chupa kukawa sehemu ya kuwa raia kamili.

Wakati huo huo pesa ilikuwa imeshaingia. Vijana waliondoka vijijini kwenda mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Watu wa mkoa wetu hawakwenda mbali, maana Kimamba na Kilosa kulikuwa na mkonge tele. Huko hakukuwa na mzee wa kumkataza mtu, na mshahara ulikuwa mkononi mwa kijana mwenyewe. Kwenye miji midogo pakatengwa mahali pa kuuzia pombe, ndipo tukapata neno tunalolitumia mpaka leo, kilabu.

Sigara nayo ilijipenyeza hivyo hivyo. Kampuni ya British American Tobacco ilifungua kiwanda Jinja, Uganda, mwaka 1928. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, na katika majeshi ya wakati ule sigara ilikuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya askari. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu, kiwanda cha sigara kikaanza kazi Dar es Salaam. Weka tarehe hiyo kichwani. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wameshachapisha Uingereza utafiti uliounganisha uvutaji na saratani ya mapafu. Mwaka 1962 chuo cha madaktari cha London kikatoa ripoti ya kuutangazia umma jambo hilo, na Januari 1964 Marekani ikafuata. Yaani wenzetu walianza kujifunza hatari ya sigara katika miaka ile ile ambayo sisi tulianza kuzitengeneza nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikawa na hisa kubwa kwenye kiwanda, na mpaka leo bajeti ya Juni ikisomwa, sisi wote tunasubiri kusikia habari ya bia na sigara. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tuliipata mwaka 2003, ikazuia kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mimi mwaka 2012 nilikuwa na kumi na tano, na muuza duka hakuniuliza kitu.

Sukari, reli na siku ya mshahara

Tukirudi bondeni, miaka ya 1960 na 1970 ilibadilisha kila kitu. Mwaka 1960 ilianzishwa kampuni ya sukari ya Kilombero, upande wa Kidatu. Wakata miwa wakaja kutoka kila pembe ya nchi. Kisha ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza Oktoba 1970, na mwaka 1975 njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa imekamilika, ikipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Maelfu kwa maelfu ya vijana walifanya kazi kwenye reli hiyo, na kituo cha treni kikawa soko.

Unganisha vitu vitatu: sukari, mshahara wa kila mwezi, na usafiri. Sukari ndiyo hasa. Pombe ya nafaka ilisubiri mavuno, ila ukiwa na sukari unaweza kuchachua wakati wowote wa mwaka. Ukishachachua, ukachemsha na kuukusanya mvuke kwenye bomba linalopozwa kwa maji, unapata gongo, ambayo inaweza kufika asilimia 30 za kilevi au zaidi, haichachi, na unaibeba kwenye dumu. Vile vizuizi vitatu vya zamani, udhaifu, msimu na kutohifadhika, vikaondoka kwa mkupuo.

Dola ilijibu kwa sheria. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 (moshi hapa ni gongo, usichanganye na sigara) iliweka utengenezaji chini ya leseni na kuufanya kosa nje ya leseni. Ukiwa umekulia kijijini, unajua kilichofuata: mitambo ikahamia porini na kando ya mito.

Na kwa kuwa blogu hii ni ya sayansi, turekebishe jambo moja. "Gongo inapofusha" si uongo mtupu, ila haijakamilika. Kinachopofusha ni methanoli, ndugu ya ethanoli. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huharibu neva ya jicho. Uchachuaji wa kawaida hutoa methanoli kidogo. Maafa makubwa hutokea hasa pale mtu anapochanganya pombe na methanoli ya viwandani ili kuongeza makali, kama ilivyotokea Nairobi Novemba 2000, watu zaidi ya mia moja wakafa. Kijana akiambiwa "kila gongo inapofusha" wakati jirani yake anakunywa miaka ishirini na bado anaona, anaacha kukuamini hata kwa yale ya kweli: ini, moyo, saratani, ngumi za usiku, pesa za ada.

Mwaka ambao redio ilifundisha

Kuna mwalimu mmoja wa miaka hiyo ambaye sikumtarajia. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Haikuwa hotuba. Watu walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na kiongozi wa kikundi na kijitabu, wanasikiliza kipindi, wanakijadili, halafu wanakubaliana watafanya nini kijijini kwao. Takriban watu wazima milioni mbili walishiriki nchi nzima. Malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu vilikuwa ndiyo mada, na matokeo yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Ulevi na sigara havikuwa miongoni mwa mada hizo. Lakini mimi kilichonivutia ni mpangilio wa somo. Kwanza habari, pili mazungumzo, tatu uamuzi wa pamoja ambao jirani anaweza kuukagua. Ukiulinganisha na bango letu la 2012, sisi tulipewa habari tu, tukapiga makofi.

Kinachotokea kichwani

Tusimame hapa kidogo na ubongo. Ukivuta sigara, nikotini inafika kichwani ndani ya sekunde 10 hadi 20. Inajibandika kwenye vipokezi vya asetilikolini, navyo vinachochea kumwagwa kwa dopamini kwenye sehemu ya ubongo inayotuambia "hiki kirudie". Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini imeshaondoka kwenye damu. Ukirudia rudia, ubongo unaongeza vipokezi, na vipokezi vitupu vinadai. Hicho kudai ndicho vijiweni wanakiita arosto. Mtu hatafuti tena raha, anatafuta kutoumwa.

Kwa kijana kuna nyongeza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kufunga breki, haikomai mpaka katikati ya miaka ya ishirini, wakati ile ya kutafuta raha na sifa mbele ya wenzake imeshachangamka tangu kubalehe. Ndiyo maana pafu jeusi la miaka arobaini ijayo halina nguvu mbele ya marafiki wanne wanaokutazama sasa hivi. Kusema kijana "hasikii" ni kukosea. Anasikia sana, ila anamsikia aliye karibu.

Kiroba

Kizazi changu kilikuwa na mwalimu wake mwenyewe, wa plastiki. Kiroba kilikuwa kipakiti cha pombe kali cha kutosha mfukoni, kwa bei ya soda au pungufu. Piga hesabu: kipakiti cha mililita 100 chenye asilimia 35 kina mililita 35 za ethanoli. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yaani kiroba kimoja kilizidi bia nzima, na ungeweza kukificha ndani ya soksi.

Yule mwenzetu aliyeiga sauti ya mgeni nyuma ya vyoo ni binamu yangu. Alikuwa mchekeshaji wa darasa. Aliacha shule kidato cha tatu akaenda kubeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno mashine zile hazilali, na kiroba kilikuwa kifungua kinywa: kinapunguza baridi ya alfajiri, gunia linakuwa jepesi. Alipofika miaka ishirini, asubuhi mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka apate kimoja.

Februari 2017 Waziri Mkuu alitangaza marufuku, na kuanzia Machi 1 mwaka huo viroba vikapigwa stop. Nitakuwa mkweli: binamu alihamia gongo. Marufuku haikumponya. Lakini wadogo zake, waliokuwa darasa la saba mwaka ule, hawakuwahi kukutana na pombe kali ya bei ya soda kwenye kila kibanda cha njiani. Somo la historia linajirudia hapa. Pombe ya wazee ilidhibitiwa na udhaifu wake, kiroba kilidhibitiwa kwa kuondolewa dukani. Bei, ukubwa wa kipimo na urahisi wa kupata navyo ni walimu.

(Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayetetemeka asubuhi, tafadhali usimfungie ndani aache kwa siku moja. Kuacha pombe ghafla kwa aliyeizoea sana kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Mpeleke hospitali, aache akiwa mikononi mwa wataalamu.)

Je, kufundisha kunasaidia?

Hapa ndipo nilipotaka kukata tamaa. Mwaka 1983, Los Angeles, ulianzishwa mpango ulioitwa D.A.R.E., polisi wakienda madarasani kufundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Ulienea Marekani nzima, wazazi wakaupenda. Ukapimwa mara nyingi, na mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya serikali yao ikalieleza Bunge kwamba tathmini za muda mrefu hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa.

Utasema hao ni Wamarekani. Haya, twende Mwanza. Mpango wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20, nusu zikipewa mafunzo ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana, nusu zikingoja. Maarifa ya vijana yaliongezeka, na mitazamo waliyoieleza ikabadilika. Lakini damu zilipopimwa, hapakuonekana upungufu unaoeleweka wa maambukizi ya VVU. Kujua na kutenda ni majirani tu, hawaishi nyumba moja.

Lakini kuna mfano mwingine. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Wavutaji wa kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Walichofanya hakikuwa bango. Waliwahoji vijana mara kwa mara na kurudisha majibu kwa kila shule na kila mtaa, wakajenga michezo na muziki wa baada ya masomo, wazazi wakakubaliana saa za watoto kuwa nyumbani. Ukiitazama vizuri, ni ile "habari, mazungumzo, makubaliano" ya 1973, ila na kitu kimoja cha ziada: kupima.

Kupima tunakujua

Na kupima, jamani, ndiyo kazi ya Ifakara. Mwaka 1957 mwanazoolojia Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara ndogo pale Ifakara kuchunguza papasi, mbung'o na magonjwa yao. Maabara hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwaka 1997 watafiti walianza kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la biashara ambalo mama yangu bado analikumbuka: Zuia Mbu. Kabla ya kuchapisha bango lolote, walikwenda kuuliza. Wakakuta watu wanajua malaria ni tatizo, lakini wengi hawaiunganishi na degedege. Kwa hiyo mahubiri ya "jikinge na malaria" yangewapita pembeni wale wale wanaoogopa degedege. Ujumbe ukapangwa kwa maneno ya watu wenyewe, chandarua kikauzwa kwenye maduka ya kawaida, wajawazito na wenye watoto wadogo wakapewa hati za punguzo, na kisha watoto wakafuatiliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kutumia vyandarua vile kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne.

Fikiria kama somo la ulevi lingeandaliwa hivyo. Kwanza uliza: kwa kijana wa Ifakara, fegi ni nini? Ni ujana? Ni njaa? Ni kampani? Kisha tumia majibu yake. Kisha ulizia dukani, nani anauza sigara moja moja kwa mtoto mwenye sare. Kisha rudi baada ya mwaka, uhesabu. Kinachohitajika hakizidi kile bonde hili limeshafanya kwa mbu.

Dakika arobaini

Basi nimeshapanga. Siendi na bango. Nitaanza kwa kuwapa vikaratasi waandike bila jina: unadhani Watanzania wazima wangapi kati ya mia moja wanatumia tumbaku? Nina hakika wengi wataandika arobaini, hamsini. Kisha nitawaambia kwamba utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipata asilimia 8.7. Kijana anayeamini "kila mtu anavuta" anavuta ili asibaki nyuma. Akijua wengi hawavuti, amepata kampani.

Nitawaambia ukweli kwamba kilevi kinaleta raha, na kwamba raha hiyo ina mkopo. Nitawagawa vikundi, waigize jinsi ya kukataa mbele ya marafiki bila kuonekana mshamba, maana hilo ndilo nililokosa mimi siku ile. Mwishoni kila kikundi kitakubaliana jambo moja ambalo mwalimu anaweza kulikagua baada ya mwezi. Dakika arobaini hazitoshi kumbadilisha mtu, najua. Nimemwomba mwalimu nirudi muhula ujao na vikaratasi vile vile, tulinganishe.

Na nilimuuliza binamu kama naweza kumtaja. Safari hii ana miezi minne bila kunywa. Amewahi kufika sita akaanguka. Alinyamaza kidogo, akasema niwaambie kwamba hakuwa mjinga, alikuwa anachekesha tu. Halafu akauliza kipindi kinaanza saa ngapi, kwa sababu huenda akaja mwenyewe.

Na wewe msomaji, kama una kijana nyumbani, leo usimhubirie. Muulize wenzake wanavuta wangapi na wanapata wapi, halafu ukae umsikilize mpaka amalize.